Taa nyeupe za gari zetu: kritiki ya kartoni moja ya ampuli

Hapa kwenye ukurasa wetu tumezoea kufanya kritiki ya vitabu, ya mahubiri, ya nyimbo, hata ya hotuba za watu wa siasa. Leo naomba ruhusa nifanye kritiki ya kartoni. Ni kartoni ndogo, inaingia ndani ya mkono mmoja, na ndani yake mulikuwa ampuli mbili za LED za taa za mbele za gari. Mimi njo niliichagua. Mimi njo niliisoma kwa sauti mbele ya baba mudogo, na mimi njo nilisema: "Hii iko sawa, tulipe."

Baba mudogo iko na Toyota Carina ya zamani inayofanya safari ya Bulambika na Bukavu. Vijana wa Bulambika wanaiita "ya sport", juu mwenyewe wa mbele alibandika spoila nyuma na kuandika SPORT kwenye kioo kwa herufi nyekundu. Musicheke sana. Toyota ilitoa Carina mwisho wa mwaka 1970, wakati mumoja na Celica, ambayo ni gari ya sport kabisa, na zote mbili zilijengwa juu ya msingi mumoja. Kwa hiyo damu ya sport iko, hata kama leo inabeba mabidoni ya mawese na mifuko ya muhogo.

Kwa nini alitaka kubadilisha taa? Hapa naomba mutege masikio, juu njo mahali ugonjwa unaanzia. Hakusema "sioni njia". Alisema: "Mwanangu, magari ingine yananiua macho. Nikikutana nayo, ya kwangu inakuwa kama kibatari." Taa zake zilikuwa zimechoka, ni kweli, zilikuwa na rangi ya chai. Lakini kilichomsukuma kununua ni taa za wengine. Mwenzake alitia nyeupe, yeye naye anataka nyeupe zaidi, na yule wa tatu atakayekutana na yeye kesho atakwenda kutafuta nyeupe kupita zote mbili. Nikamjibu kama mutu aliyesoma: "Baba mudogo, twende Bukavu, nitakuchagulia."

Sasa tufungue kartoni.

Juu kuko picha ya gari ya sport nyekundu, ya chini kabisa, inakimbia usiku kwenye lami isiyokuwa na shimo hata moja. Kando yake kuko picha mbili ndogo: ya kushoto, njia yenye mwangaza mufupi wa manjano, na ya kuume, njia ileile imekuwa nyeupe mpaka mwisho wa dunia. Chini wameandika 6000K, kisha 200W, kisha 20000 LM. Muuzaji hakusema neno mingi. Aliwasha moja kwa batri, akanielekezea machoni, nikafunga macho. "Umeona?" Nikasema nimeona. Kumbe sikuona kitu, nilikuwa nimefunga macho! Hiyo njo namna yetu yote ya kupima ampuli: tunaiangalia yenyewe, hatuangalii kile inachoangazia.

Tuanze na ile K. Nilidhani ni nguvu, kwamba 6000 inashinda 3000 kama vile dola 6000 inashinda 3000. K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwangaza. Ampuli ya kawaida ya halojeni iko karibu na 3200, ndiyo maana inaelekea manjano. Jua la saa sita mchana liko kati ya 5000 na 6000 hivi. Ukipanda zaidi unaelekea bluu. Haikuambii hata kidogo kwamba utaona mbali. Tena kuko ampuli za halojeni zilizopakwa rangi ya bluu kwenye kioo ili zionekane za kisasa, na ile rangi inazuia sehemu ya mwangaza usitoke. Unalipa zaidi ili upate kidogo. Na jicho la yule unayekutana naye linaumizwa zaidi na weupe wenye bluu kuliko na umanjano wa kiasi kilekile. Wafaransa walilazimisha taa za manjano kwenye magari yao mpaka mwaka 1993, na walifika nyumbani tu.

Ile 200W ni uongo ambao mwanafunzi wa sekondari angeukamata, na mimi mwenye diplome niliupita. Chukua wati 200, gawanya kwa volti 12: unapata ampea karibu 17. Fyuzi ya taa kwenye gari ya baba mudogo ni ya ampea 15. Kama ile kartoni ingekuwa inasema kweli, fyuzi ingeungua siku ya kwanza, tungebaki gizani. Haikuungua. Fundi alipopima baadaye alikuta ampuli moja inakula ampea mbili na kidogo tu, maana yake wati kama 25. Fyuzi ya senti chache ilifanya kritiki nzuri kuliko yangu.

Na lumeni? Gari hii inatumia ampuli ya aina ya H4, ile yenye meno matatu nyuma na nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa taa ndefu na wati 55 kwa taa ya chini, ile tunaita kode. H4 ya kawaida imepangiwa kutoa lumeni karibu 1650 kwa taa ndefu na 1000 kwa kode. Kartoni inasema 20000. Hata ukigawanya kwa mbili, unaambiwa kila upande utatoa mara kumi ya kode ya kawaida, kutoka kwa wati 25! Haiwezekani. Lakini niwe wa haki: wati 25 za LED zinaweza kutoa lumeni elfu mbili hivi, kwa hiyo mwangaza kweli ni mwingi kuliko wa zamani. Hapo njo nilipoteleza. Uliongezeka kweli, lakini sikuuliza unakwenda wapi.

Ndani ya H4, uzi wa kode umewekwa mahali pake kwa kipimo cha milimita, na chini yake kuko kibati kidogo kama kijiko. Kile kijiko kinazuia mwangaza usipige nusu ya chini ya kioo cha nyuma, juu mwangaza unaopiga pale chini ungerudi ukipanda juu, kwenye macho ya watu. Kwa hiyo fare nzima, kioo cha nyuma, kioo cha mbele, nafasi ya ampuli, vyote vilihesabiwa kwa ule uzi mwembamba na kile kijiko. Ukitoa uzi na kutia vipande bapa vya LED vilivyobandikwa huku na huku juu ya chuma kinene, umeweka mwangaza mahali ambapo fare haikuutegemea. Unatawanyika. Mwingi unaanguka karibu, mbele ya pare-shoki, unakufurahisha: "Ona, kama mchana!" Lakini jicho likizoea ule weupe wa karibu, giza la mbali linakuwa zito zaidi kwako. Na kiasi kingine kinapanda.

Ile gari ya sport kwenye kartoni basi? Audi R8 ilitoka mwaka 2008 na taa za mbele za LED tupu, ya kwanza duniani kuwa na fare nzima ya namna ile. Lakini Audi haikuchomeka LED ndani ya fare ya halojeni. Walijenga nyumba mupya kwa mugeni mupya: vioo vyake, ukingo wake wa kukata mwangaza, namna yake ya kutoa joto. Kartoni inatuonyesha ile nyumba, kisha inatuuzia kitanda peke yake. Kule Ujerumani walianza kuruhusu ampuli za LED za kubadilisha mwaka 2020 tu, na kwa aina za gari zilizopimwa moja moja, na kwa karatasi inayotaja gari gani. Nje ya ile orodha, hapana.

Mpaka hapa ninasema maneno ambayo mutu wa Kampala ao wa Mombasa anaweza kusema vilevile. Lakini sisi tuko na shida yetu ya pekee, na sijasikia mutu akiizungumza, hata shofere wa miaka makumi mbili.

Kongo tunaendesha kuume. Lakini gari zetu nyingi za huku mashariki zinatoka Japani, volani iko kuume, zilitengenezewa watu wanaoendesha kushoto. Tunajua shida ya volani: unashindwa kuona mbele wakati wa kupita lori, unamuomba abiria akuangalilie. Ya taa hatuijui. Kode ya gari yoyote haiko sawa pande zote. Upande wa katikati ya njia inakatwa chini, ili isimupige anayekuja. Upande wa kando inapanda kidogo, ili uone mutaro, mutu wa miguu, mbuzi. Gari ya Japani inapandisha kushoto, juu kwao kando ya njia ni kushoto. Ilete kwetu: kushoto kwetu ni katikati ya njia. Ile sehemu iliyotengenezwa ipande, inapanda sawasawa ndani ya macho ya mwenye kuja. Na upande wa kuume, penye kuko mutaro na mama anayetembea na mzigo mugongoni, njo umekatwa. Gari imepangwa kumuangazia mutu mubaya na kumuficha mutu muzuri.

Na ampuli ya zamani iliyochoka, kosa lile lilikuwa linavumilika. Mimi nikalitilia nguvu kwa dola 25.

Ilikuwa saa moja na nusu ya usiku, tunatoka Bukavu, tumekwisha kuacha Tshivanga na msitu wa Parki ya Kahuzi-Biega, tunateremka. Kulikuwa na ukungu, kama kawaida kule juu. Tayari ndani ya ukungu nilianza kuona kwamba kitu hakiko sawa: mbele yetu kulikuwa ukuta mweupe. Matone ya ukungu yanarudisha kila mwangaza unaopanda, na wa kwetu ulikuwa unapanda. Baba mudogo akazima, akawasha, akasema: "Zile za zamani zilikuwa zinapenya." Nikamwambia ni ukungu wa leo. Tena gari ilikuwa na uzito nyuma, mifuko ya simenti ya mutu, mapua yake yakaangalia mbingu.

Chini kidogo, ukungu ukaisha. Piki ikatokea kwenye kona. Mwenye piki alikuwa amebeba mama na mtoto, naye alikuwa na LED yake mbele, inametameta. Kwa sekunde mbili, tatu, hakuna aliyeona kitu, sisi wala wao. Kwa kilometa 40 kwa saa, sekunde tatu ni metre zaidi ya 30. Tulisikia tu. Alikwenda ndani ya mutaro upande wake.

Mtoto hakuumia. Mama alivunjika mukono. Mwenye piki alisimama mbele ya Carina, mukono juu ya macho, akatuuliza jambo moja tu: "Nani aliwatilia hizi taa?" Baba mudogo hakunitaja. Alilipa hospitali, alilipa piki, alikaa juma mbili bila kufanya safari, na mbele yangu hajasema neno mpaka leo. Ningefurahi kama angenitukana.

Nitarudi kwenye ampuli, juu njo kazi niliyoomba kufanya.

Fundi mumoja muzee wa umeme wa gari, alipoona zile LED, hakuzitukana. Alisema ziko na mazuri yake: hazichokeshi batri, na kwenye mashimo yetu uzi wa halojeni unakatika haraka wakati LED haina uzi wa kukatika. Kisha akaongeza kwamba kipepeo kidogo kilicho nyuma ya LED, kile cha kupoza joto, kinapenda tope letu sana, na kikisimama ampuli inajipika. Halafu akamuuliza baba mudogo, siye mimi: "Ulipima moto unaofika kwenye taa?"

Hatukupima. Akapima. Batri, na mashini inazunguka: volti 14 na zaidi. Nyuma ya ampuli: 11 na nusu. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani, ndani ya waya wa miaka makumi tatu, ndani ya swichi, ndani ya waya wa masi uliokula kutu. Sasa sikilizeni hesabu hii, ni ya halojeni zote: mwangaza haupunguki sawa na volti, unapunguka kwa kasi zaidi. Ukikosa sehemu moja ya kumi ya volti, unapoteza karibu sehemu ya tatu ya mwangaza. Hapa tulikuwa tumekosa kupita pale. Kwa hiyo ile "kibatari" ya baba mudogo haikuwa ugonjwa wa ampuli. Ampuli ilikuwa na njaa.

Akafungua masi, akaisugua mpaka chuma ikaonekana. Akatia rele mbili na waya munene kutoka batri, na fyuzi yake, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamuru tu. Akatia H4 za kawaida, 60/55, mbili kwa mara moja, bila kugusa kioo kwa vidole, juu mafuta ya kidole yanafanya kioo kipate moto sana mahali pamoja na kupasuka. Kijana mumoja pale akapendekeza zile za wati 100. Muzee akamuonyesha soketi ya gari ingine iliyoyeyuka, nyeusi kama makala. Kioo cha mbele cha fare, kile cha plastiki kilichokuwa manjano, alikisugua na karatasi ya msasa laini ndani ya maji, kutoka ile ya 800 mpaka 2000, saa nzima. Hii kazi ya kusugua sijaiona kwenye kartoni yoyote, na iliongeza mwangaza kwa macho ya kila mutu aliyekuwa pale.

Vyote pamoja havikufika bei ya LED zangu na rele zikiwa ndani. Ukitoa mukono wa yule mama.

Usiku tuliweka gari metre 10 mbele ya ukuta wa shule, imebeba watu na mizigo kama siku ya safari, siyo tupu. Tukapima urefu wa taa kutoka chini, tukachora mustari na kaa la makala, sentimeta 10 chini ya ule urefu. Kode inatakiwa ikatwe pale. Yetu ilikuwa inapita juu sana; bizi nyuma ya fare ikazungushwa mpaka ikateremka. Na pale kwenye ukuta, kwa mara ya kwanza, nikaiona wazi kabisa ile ngazi ya Japani: mwangaza unakwenda sawa, kisha kushoto unapanda kama kipaji cha mutu anayeshangaa.

Dawa kamili ni kupata fare za gari ya namna ileile iliyotengenezewa nchi za kuendesha kuume. Kwa Carina ya Japani siyo rahisi, umbo linaweza kukataa. Wangereza wakivuka bahari kwenda Ufaransa na gari zao, wanabandika kipande cheusi juu ya kioo cha fare, mahali panapotoa ule mupando. Tukafanya vile na skochi nyeusi ya umeme. Mumoja anasimama kwenye ukuta, mwingine anasogeza kipande juu ya kioo, kidogo kidogo, mpaka ngazi inapotea. Tulipoteza mwangaza kidogo, hata kwa taa ndefu. Baba mudogo akauliza kama haitaonekana vibaya kwa gari ya sport. Watu wote wakacheka, hata yeye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule usiku.

Kuko musomaji atakayeniambia: sawa, lakini wengine wote wako na LED, mimi peke yangu nikirudi kwa halojeni nitakufa mimi. Hii sababu ninaiheshimu, juu njo ileile ya baba mudogo, na sina jibu linaloitosha. Pa barrière wanauliza kama taa inawaka ao haiwaki, basi. Ninachoweza kusema ni kwamba taa yako kali haiponyi macho yako yaliyopigwa na taa ya mwingine. Inapiga ya kwake tu, naye bado iko na piki ao lori inayokuja upande wako. Na kwa wenye piki: nyingi zilitoka na ampuli ya wati 35, siyo kitu kikubwa, lakini bizi ya kuteremsha fare iko, na mara nyingi ufunguo ni ule wa 10. Niliwateremshia wawili jirani zangu. Wa tatu alikataa, alisema anataka aonekane.

Zile LED ziko bado ndani ya kabati, ndani ya kartoni yake, na gari yake nyekundu juu. Kijana mumoja wa kwetu anayenunua Ipsum amekuja mara mbili kuniuliza. Nilimueleza haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafikisha bei dola 15.